Ukurasa wa Namba na Majina

Mafundi wa jengo alimoshonea dada yake walimpa jina la Takwimu akiwa bado mtoto, kwa sababu hakuweza kukaa mahali bila kuhesabu. Alihesabu ngazi, alihesabu vifungo kwenye kopo, alihesabu wateja walioingia wakaishia kushikashika vitambaa na kuondoka. Jioni humwambia dada yake, "Leo wengi walikuja kupiga soga tu," na dada hucheka huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani.

Mama yao alifariki Takwimu akiwa na miaka minane. Dada alikuwa na ishirini na miwili, na tangu wiki ya msiba akawa mama, akawa baba, akawa mlipa karo. Alimsomesha kwa sare za shule, suruali za kupunguza kiuno na mapazia ya ofisi za watu. Kazi hiyo aliifanyia kwenye chumba kirefu cha ghorofa ya juu, madirisha upande mmoja tu, wanawake kumi na mmoja kila mmoja na cherehani chake, pasi mbili za kupokezana, na vumbi la nyuzi lililowafanya wote waonekane wana mvi kabla ya wakati. Takwimu alifanyia kazi za shule chini ya meza ya kukatia. Akikosea hesabu alichekwa na chumba kizima, na akifaulu alishangiliwa na chumba kizima.

Alipomaliza masomo alipata ajira ambayo ni kama aliandikiwa tumboni: udodosaji. Alitumwa na taasisi ya utafiti nyumba kwa nyumba na karatasi zake. Kaya hii ina watu wangapi? Maji mnachota wapi? Wiki iliyopita kuna siku mlilala bila kula? Aliuliza hivyo miaka kumi na minne. Viatu alivibadilisha, maswali hayakubadilika. Majibu yalipakiwa kwenye maboksi yakaenda zake, wala hakuwahi kumwona mtu aliyerudi kwenye zile nyumba kusema, mlituambia hivi, basi tumefanya hivi. Siku moja mwanamke mmoja aliyekuwa amembeba mgonjwa mgongoni alimuuliza, "Mwenzangu, mwaka juzi ulikuja, mwaka jana ukaja. Hayo majibu yangu huwa unayapeleka wapi?" Takwimu akasoma swali lililofuata kwenye karatasi. Swali hilo lilimkera mpaka akiwa na miaka thelathini na tisa akaenda chuo kikuu kuomba nafasi ya kusomea uzamili wa uchumi wa maendeleo, masomo ya mwisho wa juma.

Alidhani angekuwa bibi wa darasa. Kumbe alikuwa mwanafunzi aliyekaa mbele kuliko wote. Walisoma kwa nini nchi moja hupanda na nyingine hubaki palepale, mikopo ya nje huja na masharti gani, kwa nini pato la taifa linaweza kukua huku sufuria za watu zikibaki vilevile. Mambo aliyoyaona kwa macho miaka yote sasa yalikuwa na majina na sura za vitabu.

Aliyefundisha somo la sera alikuwa Profesa, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu, mtoto wa fundi viatu wa pembeni mwa barabara. Hilo hakulificha. "Nchi zetu," alisema siku ya kwanza, "zimeandikiwa dawa na madaktari ambao hawajawahi kumgusa mgonjwa." Kisha akauliza nani darasani amewahi kuingia kwenye nyumba ya maskini akiwa na kalamu. Takwimu akanyoosha mkono.

"Miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Basi wewe ndiye utatufundisha sisi."

Kuna maneno mtu hayasahau. Hayo yalimkaa Takwimu moyoni kama zawadi. Profesa alipokubali kuwa msimamizi wa tasnifu yake, alirudi nyumbani akimwambia dada, "Nimepata mtu. Huyu ni mwenzetu."

Alichagua kuchunguza kwa nini karakana ndogo hazijiandikishi rasmi. Vitabu vilisema ni ujinga wa sheria au kukwepa kodi. Takwimu alijua chumba kimoja ambacho kingeweza kusema zaidi ya hapo.

Siri ya chumba kile ilikuwa hii. Leseni ilikuwa moja tu, kwa jina la fundi mkongwe aliyeitwa Bi Pindo, jina alilopewa kwa sababu hakuna aliyeweza kukunja pindo la nguo kama yeye. Kwa maandishi, Bi Pindo alikuwa na biashara na wale kumi walikuwa wasaidizi wake. Kwa kweli kila mmoja alikuwa na cherehani chake, wateja wake na kipato chake. Walichangia leseni, walichangia umeme, na ikija kazi kubwa ya sare waligawana. Mmoja akiugua, wenzake walimshonea fungu lake. Watu wa manispaa wakija kukagua, mafundi kumi hugeuka wasaidizi kwa dakika ishirini, wanainamisha vichwa, "Ndiyo Bi, sawa Bi," na wakaguzi wakishashuka ngazi chumba hulipuka kwa vicheko. Kujiandikisha kila mmoja peke yake kulihitaji chumba cha peke yake, mlango wa dharura wa peke yake na mambo mengine yaliyotungwa kwa ajili ya viwanda. Hakuna aliyeyaweza.

Siku Takwimu alipofika na daftari, Bi Pindo alivua miwani.

"Haya ukiyaandika yatafika wapi, mwanangu?"

"Chuoni tu, Bi."

"Na majina yetu?"

"Hayataandikwa. Kila mtu nitampa namba. Kuna ukurasa mmoja tu wenye namba na majina, na huo ninao mimi. Hautoki mkononi mwangu."

Mafundi wakatazamana. Kisha wote wakamgeukia dada, ambaye alikuwa akiuma uzi kwa meno. Dada akautema ule uzi.

"Huyu nimemlea mimi," akasema. "Semeni."

Wakasema. Kwa wiki tisa walimwambia kila kitu: nani anamiliki mashine ipi, nani ameingia lini, nani huficha cherehani chake stoo ya nyuma wakaguzi wakija kwa ghafla. Takwimu alijaza madaftari matano. Akaandika kwamba chumba kile hakikuwa na ujinga wowote. Wanawake wale walikuwa wamejitungia bima, ushirika na shule ya ufundi chini ya karatasi moja, na serikali ikitaka kuwasaidia iutambue mpango huo kama ulivyo, itoe leseni ya pamoja. Mpango wenyewe akaubatiza jina: leseni ya mwavuli. Alilipenda sana jina hilo.

Profesa alisoma rasimu akamwita ofisini. "Ni kazi nzuri kuliko zote nilizosimamia," akasema, na Takwimu akatazama sakafu kwa haya kama msichana wa miaka kumi. "Lakini mtahini wa nje atauliza, nitajuaje kwamba hawa watu wapo kweli? Niletee madaftari, na ule ukurasa wa namba na majina. Nihakiki, basi. Nitavifungia kwenye kabati hili."

"Profesa, ukurasa ule niliahidi—"

"Mimi ni msimamizi wako. Ni sawa na kubaki kwako."

Alikaa nao siku mbili. Siku ya tatu akaupeleka, ndani ya bahasha ya kaki. Baadaye, kila alipokumbuka asubuhi ile, kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuhisi vibaya alipoutoa. Alihisi ameaminiwa.

Baada ya hapo Profesa akawa mtu wa safari. Akipigiwa simu yupo kikaoni. Akiandikiwa ujumbe anajibu, "Wiki ijayo." Wiki ijayo zilipita mpaka zikawa miezi minne. Takwimu alimtetea kwa wanafunzi wenzake: mtu mkubwa, ana majukumu mengi.

Jumanne moja, mnamo saa nne asubuhi, dada alipiga simu. Hakusalimu. "Njoo jengoni," akasema, akakata.

Takwimu alizikuta ngazi zimejaa watu. Juu, maafisa watatu wa manispaa walikuwa katikati ya chumba, na mmoja wao, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alikuwa akisoma karatasi. Hakuwa na ukali wowote. Alikuwa akisoma kama mwalimu anayeita mahudhurio. Mashine ya kwanza karibu na dirisha, mmiliki fulani. Mashine ya pili, mmiliki fulani. Aliyetajwa alisogea pembeni na mwenzake akabandika lakiri ya kuzuia matumizi kwenye cherehani. Walipofika mwisho wa mstari, kijana yule akaenda moja kwa moja stoo ya nyuma, akafungua mlango, akaonyesha kidole cherehani kilichofunikwa gunia. "Na hiki cha kumi."

Bi Pindo akajaribu. "Mwanangu, hawa ni wasaidizi wangu."

"Mama, tunajua," akajibu kijana kwa upole. "Huu mpango mnaofanya unaitwa leseni ya mwavuli. Haupo kisheria."

Takwimu alisikia neno lake likitoka kinywani mwa mtu asiyemjua. Lile neno hakuna mtu duniani aliyekuwa nalo isipokuwa yeye na aliyesoma rasimu yake.

Dada alikuwa amesimama kando ya cherehani chake, mikono imening'inia kama ya mtu asiyejua aiweke wapi. Alimtazama mdogo wake ng'ambo ya chumba.

"Siku zote wakija wanauliza maswali," akasema. "Leo hawakuuliza hata moja."

Mafundi wengine wakafuata macho yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka chumba kizima kikawa kinamtazama Takwimu.

Alitoka pale akaenda chuoni kwa miguu, mwendo wa karibu saa nzima. Katibu muhtasi akamwambia Profesa ana wageni. Takwimu akafungua mlango. Hapakuwa na wageni. Mezani palikuwa na mafungu ya kitabu chembamba chenye jalada la kung'aa, nembo ya wizara juu, na chini yake: Mkakati wa Kurasimisha Karakana Ndogo. Jina la mwandishi lilikuwa la Profesa. Akachukua kimoja, akafungua, akakuta majedwali yake. Katika mojawapo alikuwa amekosea, ameweka safu ya kumi na moja kabla ya ya kumi, na kosa lile lilikuwa limechapishwa vilevile.

"Keti kwanza," akasema Profesa.

"Hili ni jedwali langu."

"Ni data ya utafiti. Keti."

"Nimesimama vizuri. Mimi niliandika wapewe leseni ya pamoja. Wewe umeandika wafungiwe."

"Nimeandika warasimishwe." Sauti ilikuwa ileile ya darasani, ya taratibu. "Kufunga ni utekelezaji, na utekelezaji si kazi yangu. Unadhani sera inatungwaje? Wizara haisomi tasnifu. Kazi yako ingelala maktaba mpaka panya waile. Mimi nimeifikisha mezani kwa wakubwa."

"Bila jina langu."

"Nimewashukuru wasaidizi wote wa utafiti. Ukurasa wa nne."

Takwimu alifungua ukurasa wa nne. Wasaidizi wote wa utafiti. Kwa hiyo na yeye alikuwa msaidizi, kama wale kumi mbele ya wakaguzi. Akaufunga.

"Na ukurasa wa majina, Profesa? Ule wa kwenye bahasha?"

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza Profesa alipogeuza macho dirishani. "Wizarani waliomba kiambatisho," akasema.

Alisema hivyo tu, kama mtu aliyeombwa chumvi na jirani. Takwimu akageuka kuondoka. Alipofika mlangoni Profesa akamwita, safari hii kwa jina la utani ambalo mwenyewe alimwambia siku za furaha. "Takwimu. Umebakiza muhula mmoja. Anayetia saini ni mimi. Usijiharibie."

Jioni ile akaenda kwa dada. Alimkuta amekaa sebuleni, hajawasha taa, wala hakuna alichokuwa anashona. Kumwona dada yake mikono mitupu kulimtisha kuliko kumwona analia.

"Nijibu jambo moja," akasema dada. "Ule ukurasa ulitoka kwa mkono wako?"

"Ndiyo."

"Alikunyang'anya?"

"Aliuomba."

"Aliuomba." Dada akalirudia neno lile mara mbili. "Miaka thelathini nimekaa na wale wanawake. Hawakukuamini wewe. Waliniamini mimi. Mimi ndiye niliyesema, semeni."

"Dada, na mimi nimedanganywa."

"Najua umedanganywa. Lakini yule alikuwa ameahidi nini kwa Bi Pindo? Hakuahidi kitu. Aliyeahidi ni wewe." Akainuka, akamfungulia mlango. "Nenda, mdogo wangu. Leo nenda tu."

Takwimu aliugua siku kadhaa, homa isiyo na jina. Alipoamka aliandika malalamiko kwa kamati ya maadili ya chuo. Wenzake walimsihi asijitie kitanzi, asubiri kwanza shahada iwe mkononi. Hakusubiri. Na katika malalamiko yale aya ya kwanza haikumhusu Profesa. Ilisema: mimi niliahidi kutoutoa ukurasa huu, nikautoa.

Kamati ilikaa baada ya miezi mitatu, watu watano nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani. Mwenyekiti, mwanamama mwenye sauti kavu, akamuuliza kama anaelewa kwamba na yeye amevunja kanuni.

"Naelewa. Ndiyo maana nimeanza na hilo."

Aliwaomba mafundi wote waje kutoa ushahidi. Alikuja Bi Pindo peke yake. Alikataa kiti cha pembeni akavuta kilichokuwa mbele kabisa.

"Mimi sikusoma sana," akawaambia wale watano. "Lakini kazini kwangu mtu akinivulia nguo nimpime, vipimo vyake sivitangazi sokoni. Najua nani amenenepa, nani ana mimba mume wake hajui. Miaka arobaini na mitatu sijasema. Sasa nyinyi wenye vyuo, kwani nyinyi mnapimaje watu?"

Mmoja wao aliandika kitu.

Uamuzi ulikuja kwa barua. Profesa alipewa onyo la maandishi na kuondolewa usimamizi wa Takwimu. Takwimu naye alipewa onyo, na akaamriwa kurudia mwaka. Kitabu chenye jalada la kung'aa hakikuondolewa, kwa kuwa kilikuwa mali ya wizara na chuo hakikuwa na mamlaka juu yake. Kabla mwaka haujaisha Profesa aliteuliwa kwenye jopo la washauri wa sera. Takwimu aliona picha yake gazetini, amevaa tai, anatabasamu lile tabasamu la siku ya kwanza darasani. Aliitazama kwa muda mrefu akitafuta alama yoyote ya mtu mbaya. Hakuiona, na hilo ndilo lililomnyima raha.

Chumba kirefu kilipangishwa kwa muuza vipuri vya magari. Mafundi wawili waliweza kupata leseni zao. Wanne walishonea majumbani, milango imefungwa. Bi Pindo alihamia kwa binti yake. Wengine wakatawanyika, na dada akaajiriwa kiwandani. Taarifa iliyofuata ya wizara ilisema idadi ya karakana zisizo na leseni katika eneo lile imeshuka sana. Takwimu aliisoma mara tatu. Ilikuwa kweli tupu: karakana zenyewe hazikuwepo tena.

Aliiandika tasnifu yake upya na msimamizi mpya. Safari hii, kabla ya kuwasilisha, aliibeba akagonga mlango wa kila fundi na kumsomea kurasa zinazomhusu. Watano hawakumfungulia. Sita walimfungulia, na mmoja kati yao akamtaka afute aya nzima. Aliifuta palepale mbele yake. Sura ya mwisho ilieleza jinsi majibu ya watu yanavyoweza kugeuzwa fimbo ya kuwachapia wenyewe. Watahini walisema sura hiyo haina nadharia ya kutosha, lakini wakampitisha. Siku ya mahafali alitafuta uso wa dada kwenye viti vya wageni mpaka majina yakaisha kusomwa.

Ilichukua mwaka mwingine ndipo dada akampigia simu, Jumapili mchana, amwambie kwamba amepika na chakula ni kingi. Takwimu alienda mbio kama mtoto aliyeitwa. Dada alikuwa amekonda. Kiwandani, alisema, anashona kola. Kola tu, kutwa nzima. Mashati yenyewe huyaona yakipita kwenye magari.

"Huwa mnapumzika saa ngapi?" Takwimu akauliza. "Na wenzako, wangapi mna mikataba?"

Dada akaweka kijiko chini.

"Sikiliza. Kama mdogo wangu, karibu, kula ushibe, na Jumapili ijayo njoo tena. Lakini huyo mwingine, mtu wa makaratasi, mimi sina la kumwambia. Hata akiuliza saa."

Takwimu akainamia sahani. Machozi yalikuja akayameza pamoja na chakula. Dada akamwongezea mchuzi bila kuulizwa, kisha akaanza kumsimulia habari za jirani aliyehama bila kuaga akaacha kuku wake wakirandaranda uani, na Takwimu akasikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, bila kuuliza kuku walikuwa wangapi.